Vidonge vya Mama Goodness

Kompyuta ilikataa mara tatu, na kila ilipokataa Saulo alikigeuza kioo kielekee dirishani, ili Mama Goodness ajionee mwenyewe kwamba mwenye roho mbaya si yeye.

"Unaona, mama? Hapa imeandika jinsia: KE. Hapa imeandika dawa: sildenafili. Mfumo unasema dawa hii ni ya nguvu za kiume. Sasa wewe ni mwanamke. Ndiyo maana inakataa."

"Uambie basi huyu ni mwanamke mgonjwa."

"Mfumo hauambiwi, mama. Mfumo ndio unaotuambia sisi."

Mama Goodness, ambaye jina lake la ubatizo ni Anjela, alishika ukingo wa dirisha na kuvuta pumzi. Ofisi ile ya bima ilikuwa ghorofani, ngazi ishirini na mbili, naye alikuwa amezipanda kwa vituo vinne kama basi la zamani la Makambako. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi, miguu imevimba mpaka kandambili zimeacha alama. Mumewe, Mzee Kasian, alikuwa amesimama hatua sita nyuma yake akisoma kalenda ya mwaka juzi kwa makini makubwa. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza. Foleni ya Iringa huwa hainyamazi ila ikisikia jambo zuri.

"Halafu," Saulo akashusha sauti, ingawa ilishachelewa, "kwenye orodha yetu hii imewekwa kundi la starehe."

"Starehe!" Mama Goodness akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kicheko. "Mmesikia jamani? Miaka ishirini na sita nimepika ugali wa watoto mia nne kwa kuni mbichi, leo ninaambiwa nataka starehe. Saulo mwanangu, wewe si ndiye uliyekuwa unakuja dirishani kwangu kuomba ukoko?"

Foleni ikashindwa kujizuia. Saulo alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye tai na kitambi cha heshima, lakini neno ukoko lilimvua vyote viwili palepale.

Na Mama Goodness hakusahau kitu. Mwaka wa tisini na saba alikuja mheshimiwa mmoja kwenye shule aliyokuwa akipika, kufungua jiko la kisasa lenye dohani ya kutolea moshi. Akakata utepe, akala kuku wawili, akaondoka. Dohani haijafika mpaka leo. Kilichobaki ni ule utepe mwekundu, na Mama Goodness anafungia nao mfuko wa chumvi. Moshi wa miaka yote ile haukwenda popote. Uliingia kifuani mwake ukafanya makao, na serikali iliyomweka moshini ndiyo iliyompa kadi ya bima ya mstaafu, na kadi ndiyo hiyo inayokataliwa.

"Hakuna njia nyingine?" akauliza.

"Ipo fomu ya maombi maalumu. Inajazwa kwa mkono. Lakini ile husainiwa na mkuu wa ofisi."

"Mkuu ni nani?"

Saulo akarekebisha tai. "Ni mimi. Lakini siwezi kusaini kitu ambacho mfumo umekataa. Nitaonekanaje?"

*

Siku mbili kabla, Daktari Hanifa wa Mbeya alikuwa amewaeleza kila kitu bila haraka. Alikuwa binti wa Kiislamu wa mjini palepale, ushungi mweupe, kalamu tatu mfukoni. Alimlaza Mama Goodness kwenye mashine ya kuangalia moyo, kisha akachora kwenye karatasi mpira wa kumwagilia bustani.

"Mama, mishipa yako ya mapafuni imebana. Moyo upande wa kulia unasukuma damu kwenye mpira uliokanyagwa. Umesukuma miaka, sasa umechoka, umetanuka kama gunia. Ndiyo maana miguu inajaa maji."

"Nani kaukanyaga huo mpira?" akauliza Mama Goodness.

"Moshi. Sikiliza. Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando huo unatoa hewa kidogo mno, inaitwa naitriki oksaidi. Kazi yake ni kuuambia mshipa: legea, damu ipite. Wa kwako umebabuka kwa moshi. Unaongea kwa kunong'ona, na hata huo mnong'ono unazimwa kabla haujasikika. Dawa hii inazuia usizimwe. Utakata kidonge katikati: nusu asubuhi, nusu mchana, nusu jioni. Usiruke hata siku moja. Ukikatiza ghafla, mishipa inabana tena, na safari hii moyo unaweza usivumilie."

Kisha akasema jina la dawa, na Mzee Kasian akaangusha kofia.

"Si ile ya..."

"Ndiyo, baba. Ni ileile. Ilianza ikitafutiwa kazi ya moyo, ndipo wanaume wakaidandia." Daktari akanyanyua kidole. "Na hili mlishike kama amri. Kuna dawa ya moyo inayowekwa chini ya ulimi. Hiyo inaleta hewa ileile kwa wingi. Mtu akiziweka mbili hizi pamoja, mishipa ya mwili mzima inalegea mara moja, presha inaanguka chini, naye anaanguka nayo. Nyumbani kwenu yupo anayeweka dawa chini ya ulimi?"

"Hayupo," wakajibu pamoja.

Njiani kurudi, basi liliposimama Chimala na akina mama wakaleta mchele madirishani, Mzee Kasian alikuwa bado hajafumba mdomo. "Mama Goodness," akasema mwishowe, "hiyo dawa nani ataenda kuinunua?"

"Mwenye miguu isiyovimba," mkewe akasema.

*

Kwa hiyo walipotoka bima mikono mitupu, Mama Goodness akakaa kwenye benchi nje ya duka la dawa la Ibrahimu, akampeleka mumewe ndani na hela ya nguruwe. Nguruwe yule alikuwa wa Pasaka. Aliuzwa jana yake kwa mtu wa Ipogolo aliyemtazama meno kama anayenunua farasi.

Mzee Kasian aliingia, akasubiri wateja watoke, wakatoka wawili wakaingia watatu. Akaomba dawa ya minyoo. Akaomba pamba. Mwishowe akainama kaunta na kunong'ona.

"Sildena nini, mzee?" Ibrahimu akauliza kwa sauti ya adhana.

"Fili."

"Aaah! Sema vumbi la Kongo limeshindwa!"

"Si yangu! Ni ya mke wangu!"

Duka likalipuka. Mama mmoja aliyekuja kununua maziwa ya mtoto alilazimika kukaa chini. Hapo Mama Goodness akainuka kwenye benchi, akaingia na barua ya daktari ameishika juu kama bango la maandamano. "Ni yangu kweli. Ni ya mapafu na moyo. Vidonge arobaini na tano, na uvihesabu mbele yangu, na anayecheka aje nimgawie na kukosa pumzi."

Ibrahimu akasoma barua, akaacha kucheka, akahesabu arobaini na tano. Alikuwa mtu mwema kwa kweli. Akapunguza bei kidogo na kuomba radhi. Lakini wale wateja watatu hawakusoma barua. Walitoka na habari yao nusu, na nusu ya habari hukimbia kuliko habari nzima. Boda iliyowachukua wazee hawa ilipofika Tanangozi, kijiji kilishajua kwamba Mzee Kasian, mstaafu wa idara ya misitu, mtu aliyekuwa hasikiki hata akipiga chafya, amenunua kopo zima.

*

Dawa ilifanya kazi yake. Siku za mwanzo ilimpasha uso joto na kumziba pua, na kichwa kikawa chepesi, akawa anashika ukuta huku anacheka. "Nimelewa bila ulanzi," alisema. Wiki ya pili akaenda bombani na kurudi na ndoo ndogo. Siku ya kumi na nne aliosha vyombo huku anaimba, akafika ubeti wa tatu kabla hajagundua kwamba hajasimama kuvuta pumzi. Akaacha sufuria, akaimba tena ubeti wa kwanza mpaka wa tatu, makusudi, kwa hasira, kama mtu anayehesabu mali aliyoibiwa na kurudishiwa. Kisha akacheza. Mama wa miaka sitini na mbili, peke yake, povu la sabuni viganjani.

Macho yake hayakuwa mazuri, hivyo Mzee Kasian ndiye alikuwa mkataji. Kila asubuhi alifungua kopo la kahawa, akaweka kidonge cha bluu kwenye kibao, akakata katikati kwa wembe. Alikikata sawasawa, hakupoteza hata unga.

Halafu uamsho ukaingia.

Jumuiya yao ilikuwa na daftari la wagonjwa. Kila anayemtembelea mgonjwa huandika jina lake, tarehe, na neno alilosoma. Miaka yote daftari hilo lilijaa majina ya wanawake, maana wanaume wa Tanangozi huwatembelea wagonjwa siku ya mazishi. Sasa ghafla wakaja wanaume. Mmojammoja, jioni, wamenawa. Alikuja fundi baiskeli. Akaja mwenye mashine ya kusaga. Akaja Saulo mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa wa mtaa wao, amevaa suti na kushika tochi mchana.

"Kamwene, Mama Goodness. Nimekuja kukuombea."

"Mfumo umekubali?" akamuuliza.

Wote walisoma mstari uleule, ule mfupi kuliko yote katika Biblia, wa maneno matatu. Wakasema amina. Wakaandika kwenye daftari, maana Mzee Kasian alikuwa katibu na hakuruhusu mtu aondoke bila kuandika. Kisha wakasema, "Baba Goodness, hebu nisindikize kidogo." Wakasindikizwa kwa dakika kumi nyuma ya jiko.

"Mungu anafanya kazi," Mama Goodness akawaambia wanawake wenzake. "Hata Jailos amekuja jana, na kuku."

"Jailos? Na kuku?" wakashangaa. Jailos ndiye aliyekuwa mpiga mnada wa usharika, na haikujulikana kama aliwahi kutoa kuku asiyempigia mnada kwanza.

Mzee Kasian naye alibadilika. Alitembea kifua mbele. Watu walimwita Jemedari. Mtu aliyehesabu miti ya serikali maisha yake yote bila kupewa hata kuni za kustaafia, sasa alipigiwa saluti kilabuni. Mkewe aliona, akafurahi, akadhani ni furaha ya kuona mke anapumua.

*

Siku ya ishirini kopo lilikuwa tupu.

"Vilikuwa arobaini na tano," Mama Goodness akasema. "Kidonge kimoja na nusu kwa siku. Lazima vifike siku thelathini. Nilipika kwa vipimo miaka ishirini na sita, Kasian, usinifundishe hesabu."

Mzee Kasian alitazama wembe. "Labda Ibrahimu alitupunja."

Mama Goodness akampigia simu Ibrahimu. Alimwambia mengi, akataja wafanyabiashara wote waliowahi kuwapunja wakulima wa nyanda hizi tangu enzi za pareto, akawataja kwa majina. Ibrahimu alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, nilihesabu mbele yako," akasema. "Lakini usikae bila dawa. Njoo uchukue vichache, tutaelewana." Mama Goodness akakata simu kwa hasira. Hakuchukua msaada kwa mwizi.

Alhamisi miguu ilianza kujaa. Ijumaa alilala ameketi. Jumamosi hakuimba. Mzee Kasian alimkanda miguu, na machozi yake yalidondokea vidole vya mkewe, naye mkewe akamwambia asilie, Mungu si wa dukani kwa Ibrahimu.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. "Nitakwenda," akasema. Kanisa liko juu ya kilima. Alipumzika mara saba. Kila alipopumzika, Mzee Kasian alifungua mdomo kusema kitu, akaufunga.

*

Mnada wa mavuno hupigwa nje ya kanisa baada ya ibada, chini ya nguzo ya kipaza sauti. Vilikuwapo viazi, mahindi, mikungu, malimao, beseni la mayai, na jogoo mweusi mwenye kilemba kama askofu. Na Jailos alikuwa katika siku zake kubwa.

"Jogoo huyu! Amekula mahindi ya Kilutheri tu! Elfu nane kwa mchungaji, nani kaongeza? Baba mwenye koti, usijikune, ukijikuna nimehesabu! Elfu kumi! Mke wako anakutazama, Marcelino, anakuambia kwa macho: niletee jogoo! Elfu kumi na mbili, mara ya kwanza..."

Mama Goodness alikuwa ameketi kwenye gunia la mahindi mbele kabisa, akipumua kwa mabega. Aliona uso wa Jailos umewiva. Aliona amefuta pua mara tatu, anaongea kama mtu aliyezibwa mafua. Akaona anashika kifua, anatoa kitu mfukoni, anakitia mdomoni bila kumeza. "Mara ya pili..." Jailos akasema, akayumba, akamkumbatia jogoo, na wote wawili wakaenda chini.

Vumbi likapanda. Kwaya ikapiga kelele. Mkewe, Matilda, akaja mbio huku anafungua fundo la kanga. Kijiji kizima kilijua fundo lile: humo ndimo alimohifadhi dawa ya moyo ya Jailos, ile ya chini ya ulimi. "Ametumia moja haijamtosha," Matilda akalia. "Mshikeni kichwa nimwekee ya pili!"

Uso kuwiva. Pua kuziba. Kuku wa bure. Dakika kumi nyuma ya jiko.

Mama Goodness aliinuka. Mwanamke aliyepumzika mara saba kufika pale alikimbia. Ni hatua kumi na mbili, lakini alizikimbia, na kila moja ilimkata kifua, akaupiga mkono wa Matilda kwa nguvu zote za mpishi. Kidonge kikaruka, kikatua mavumbini, na jogoo, aliyekuwa ameshasimama, akakidonoa.

"Wewe una kichaa!" Matilda akapiga yowe.

"Usim... usimpe," Mama Goodness akasema akiwa amepiga magoti. "Itamuua. Amekula... yangu. Amekula kidonge changu. Mlazeni chali. Miguu juu!"

Hakuna aliyehoji. Sauti iliyowahi kupanga foleni ya watoto mia nne haihojiwi. Miguu ya Jailos iliwekwa juu ya gunia la mahindi. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa bado na joho la kwaya, akampapasa mshipa wa mkono. "Presha iko huku chini na viazi," akasema. Akaagiza mkoba wake uletwe, wakatundika dripu kwenye nguzo ya kipaza sauti. "Dada Matilda, mshukuru huyu mama. Ungemwekea ile nyingine, sasa hivi tungekuwa tunaimba nyimbo za msiba. Lakini nataka nijue. Kidonge kile alipewa na nani?"

Wanaume arobaini walitazama mahindi kana kwamba hawajawahi kuyaona.

"Mimi," Mzee Kasian akasema.

Alivua kofia. "Nilimpa mimi. Siku ile ya kuku, akakiweka akiba ya leo. Aliniambia anataka sauti ya mnada tu, kwamba dawa inaleta nguvu. Nami sikuuliza, nilisahau ya chini ya ulimi. Na si yeye peke yake." Akamgeukia mkewe. "Vidonge kumi na vitano, Anjela. Ibrahimu hakutupunja. Walikuwa wananiita Jemedari."

Mama Goodness alitaka kumpiga, lakini hakuwa na pumzi ya kumpigia. Na alipomtazama vizuri, mzee mkondefu, kofia mkononi, Jemedari, jambo fulani likamtekenya mbavuni. Akakaza midomo. Ikashindikana. Akaanza kucheka, bila sauti kwanza, mabega tu, na muuguzi akacheka, na wanawake wakaanza kuelewa, safu kwa safu, kama upepo unavyoingia kwenye shamba la ngano. Kila mwanamke akageuza shingo kumtafuta mume wake. Nyuma kabisa, mke wa Saulo akainua mwavuli wake wa zambarau ili amwone wake vizuri.

Jailos akafumbua jicho moja. "Elfu kumi na mbili," akasema kwa udhaifu. "Nani kaongeza?"

*

Gari la mchungaji lilimchukua Jailos na Matilda na dripu yao. Muuguzi aliwaacha na neno kwamba atapona. Kabla ya mlango kufungwa Jailos alisema, "Mnada usife."

Basi Mama Goodness akaketi tena kwenye gunia, akaomba kipaza sauti, na akanyoosha mkono kwa mumewe. "Katibu. Daftari la wagonjwa."

Mzee Kasian alikuwa nalo kwapani. Alimpa.

"Ndugu zangu," Mama Goodness akasema, na kila maneno manne alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilisikika kwenye kipaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara kuu. "Bima ilisema dawa yangu ni starehe. Nikainunua kwa hela ya nguruwe. Kumbe kweli ilikuwa starehe, ila haikuwa yangu. Daftari hili lina majina ya walioguswa kunitembelea mwezi huu. Tarehe zipo. Sahihi zipo. Sitalisoma hapa, mimi ni Mkristo. Nalipiga mnada. Fedha ni ya dawa yangu, ikizidi ni ya dohani. Tunaanza elfu tano."

"Elfu ishirini!" akasema mwenye mashine ya kusaga, kabla hajamaliza.

"Thelathini!" Huyo alikuwa mkewe.

"Mama Neema, kaa chini."

"Kaa wewe! Arobaini!"

Mchungaji Fanueli akafungua mdomo kukemea, akaona beseni la sadaka, akaufunga. Fundi baiskeli akasema hamsini. Umoja wa Wanawake ukakusanyika, ukanong'ona, ukasema sabini na debe la maharage. Wanaume wakaanza kuchangishana kwa ishara za vidole, watu ambao mwaka mzima walishindwa kuchangia bati la choo cha kanisa. Themanini. Tisini na mbuzi. Kila bei ilipopanda, wanawake walipiga vigelegele, na jogoo mweusi, aliyekuwa na kidonge tumboni, alilala chali kidogo, akaamka, akatembea upande upande kama mlevi, na hakuna aliyeuliza bei yake tena.

Hapo Saulo akapenya mpaka mbele, jasho limepita kwenye tai. "Laki moja," akanong'ona.

Mama Goodness akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Kwako siyo hela, Saulo. Kwako ni fomu."

"Mama, mfumo..."

Akaondoa kiganja. "Ukurasa wa tatu," akasema kwa watu wote, "tarehe kumi na moja, mtu mwenye suti na tochi mchana..."

"Kesho!" Saulo akasema. "Kesho saa mbili asubuhi. Nitasaini. Usisome jina langu, mama, nakuomba."

"Sitasoma jina lako. Neno langu hilo."

Saulo akatoka mbio akishuka kilima, hakutazama nyuma, hakuona mwisho wa mnada.

*

Jioni ileile Ibrahimu alileta vidonge mwenyewe kwa boda, na Mama Goodness akamwomba radhi kwa kila mfanyabiashara aliyemtaja, isipokuwa wale wa pareto. Asubuhi ya Jumatatu alikata kidonge kwa mkono wake, kwa kupapasa, kipande kimoja kikatoka kikubwa. Nje ya jiko Mzee Kasian alikuwa ameshakunja suruali, anakanyaga udongo wa matofali ya dohani.

"Futi ngapi kwenda juu?" akauliza.

"Mpaka yule mheshimiwa aione kutoka Dodoma."

Ofisini alikwenda na wanawake kumi na mmoja. Ngazi ishirini na mbili. Dawa ya siku moja haifanyi muujiza, akapumzika mara nne kama mwanzo, ila safari hii kila alipopumzika wanawake kumi na mmoja nao walisimama, wakaimba ubeti mmoja, na watu wa ofisi zote wakatoka milangoni kuona. Walipofika juu Saulo alikuwa ameshaiweka fomu dirishani. Alikuwa ameijaza yeye mwenyewe, kwa mkono, kwa herufi nzuri za shule ileile. Mwaka mzima wa dawa. Kwenye nafasi ya jinsia aliandika mwanamke, kwenye nafasi ya sababu akaandika moyo. Akasaini. Akagonga mhuri mara mbili.

"Umeonekanaje?" Mama Goodness akamuuliza.

Saulo akatabasamu kidogo, kama mtoto aliyepewa ukoko. Akangoja wanawake wageuke, akasogeza mdomo karibu na tundu la dirisha.

"Mama, na lile daftari? Limeishia wapi?"

"Lilinunuliwa. Laki mbili na ishirini. Dohani na bati la choo, vyote."

"Hukusoma jina langu?"

"Nilikupa neno langu, mwanangu. Sikusoma."

Saulo akashusha pumzi, pumzi ndefu, nzuri, ya mtu mwenye mishipa mizima. "Mungu akubariki. Nani alilinunua?"

Mama Goodness alikuwa ameshaikunja fomu, ameifunga kwa utepe mwekundu, anaitia kifuani. "Sikumwona uso," akasema. "Alisimama nyuma kabisa, juani. Alikuwa na mwavuli wa zambarau."

Akaanza kushuka ngazi na wenzake, taratibu, akiimba. Alikuwa kwenye ngazi ya tisa aliposikia, juu kule, kiti cha mkuu wa ofisi kikianguka.